Vihisa vyangu viwili vitatu vitamtisha nini mwenye mafuta?

SWALI: Mhariri shikamoo. Niko Tanga, huku habari ni bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, na wapo wanaolalamikia fidia. Sasa jamaa yangu kaniambia eti Ulaya wenye hisa ndo wanaozibana kampuni za mafuta ziheshimu haki za watu. Mi nina vihisa vya benki hapa DSE, soko la hisa la Dar, mkutano mkuu watu tunangoja gawio na soda tu, sasa kubanana huko kunakuwaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Jamaa yako hajakudanganya, ila wanabana kwa namna ya ajabu kidogo, maana kura zenyewe karibu kila mara wanashindwa.

Chukua Shell, kampuni kubwa ya mafuta. Novemba 1995 serikali ya kijeshi ya Nigeria ilimnyonga Ken Saro-Wiwa na wenzake 8, watu wa Ogoni waliokuwa wanapiga kelele mafuta yanaharibu mashamba na mito yao, na lawama nyingi zikaiangukia Shell. Mei 1997 mifuko ya pensheni na makundi ya kanisa wakapeleka azimio mkutano mkuu London, wanataka mkurugenzi mmoja abebe jukumu la mazingira na haki za binadamu na watu wa nje wakague. Bodi ikasema wanahisa walikatae, na waliolipeleka wakapata kama kura moja katika kila kumi. Umeona, wamepigwa! Lakini Machi, kabla hata ya mkutano, Shell ilishaandika upya kanuni zake na kuingiza haki za binadamu. Hakuna bosi anayependa kuulizwa habari za watu walionyongwa mbele ya waandishi na wenye pesa zake.

Ila usishangilie sana. Talisman ya Kanada ilikuwa na robo ya mradi wa mafuta Sudan wakati wa vita, wawekezaji wakaisumbua, wengine wakauza hisa, mwisho 2003 ikaondoka, nani kanunua? Kampuni ya mafuta ya serikali ya India, na mafuta yakaendelea kutoka kama kawaida, na mstaafu wa Toronto ambaye pensheni yake ilikuwa kwenye hisa za Talisman hapo hana tena pa kuulizia.

Kwa bomba lenu: TotalEnergies wa Ufaransa ana asilimia 62, TPDC, shirika letu la mafuta la serikali, 15, Uganda kupitia shirika lake UNOC 15, CNOOC wa China 8. DSE huzikuti hizo hisa, wa kumbana mkutanoni ni Total, ambaye hisa zake zinauzwa Paris. Kwa hiyo we na vihisa vyako vya benki humfikii, ila karatasi inamfikia. Mwekezaji wa kule hasimami kuuliza swali kwa maneno ya kijiweni, anataka tarehe na kiasi. Kama kuna jirani kacheleweshewa fidia, atunze fomu ya uthamini, aandike siku aliyothaminiwa na siku pesa ilipoingia, kopi ampe wakili au shirika linalofuatilia mradi, na orijino asimwachie mtu.