Kumsaidia mwanafunzi wa sekondari ya China katika ufahamu wa Kiingereza: ushauri kwa mwalimu mgeni

Jambo la kwanza la kumuuliza mwanafunzi ni mkoa atakaofanyia gaokao, yaani mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanyika kila Juni. Karatasi ya Kiingereza haifanani nchi nzima. Beijing, Shanghai na Tianjin zina karatasi zao, mikoa mingine hutumia karatasi za taifa. Ukimlundikia mtoto wa Shandong mazoezi ya Shanghai, atachoka na mtihani wake hajaugusa.

Karatasi ya taifa ya mfumo mpya ina alama 150 kwa dakika 120: kusikiliza 30, kusoma 50, matumizi ya lugha 30, kuandika 40. Zile 50 za kusoma zimegawanyika hivi. Kuna vifungu vinne, A hadi D, vyenye maswali 15 ya kuchagua, kila swali alama 2.5. Kisha kuna kifungu cha tano kilichonyofolewa sentensi tano, mtoto anazichagua kutoka orodha ya saba. Wanafunzi wanakiita qi xuan wu, saba chagua tano. Kwenye zoezi la kujaza nafasi linalofuata, kila nafasi ni alama moja tu, kwa hiyo kosa moja la ufahamu ni sawa na makosa mawili na nusu kule. Ndiyo maana wazazi huanzia hapa wanapotafuta msaada.

Kifungu A kwa kawaida ni tangazo au maelezo ya huduma, na D ndicho kigumu, mara nyingi kinahusu utafiti. Katika karatasi ya mfumo mpya iitwayo Namba I, ya mwaka 2023, A ilihusu kukodi baiskeli Amsterdam, na D ilieleza jinsi wastani wa makadirio ya watu wengi unavyoweza kukaribia ukweli kuliko makadirio ya mtu mmoja mmoja. Hiyo ni safari ndefu ndani ya karatasi moja, na mtoto anayekwama hukwama zaidi C na D.

Neno moja la pembeni kabla hatujaendelea. Kama uko China kwa kibali cha masomo, kazi ya malipo nje ya chuo inahitaji ridhaa ya chuo na idhini inayoandikwa kwenye kibali chako cha ukaazi. Usianze tuisheni ya kulipwa kwa maneno ya rafiki kwamba "wote wanafanya".

Kikao cha kwanza kiwe cha kupima, usifundishe kitu. Chukua karatasi mbili za miaka iliyopita. Ya kwanza mpe vifungu vinne kwa dakika 28, saa ikiwa mezani. Ya pili, siku nyingine, mpe bila kikomo cha muda. Akipata 8 kati ya 15 kwenye ya kwanza na 13 kwenye ya pili, tatizo lake ni mwendo. Akipata 8 na 9, tatizo ni kuelewa sentensi, na kumkimbiza kwa saa kutamharibia zaidi. Omba pia karatasi zake tatu za mwisho za mtihani wa mwezi wa shule, wanaouita yuekao. Makosa ya miezi mitatu yakijirudia kwenye aina ileile ya swali, umeshapata pa kuanzia.

Utakachokuta mara nyingi ni kwamba maneno anayo. Mtaala wa sekondari ya juu unalenga maneno yapatayo 3,000 kwa mtahiniwa wa gaokao, na mtoto amekuwa akiyakariri tangu yuko chini. Neno gumu lililo nje ya mtaala mara nyingi huandikiwa maana yake kwa Kichina palepale kwenye karatasi. Kinachomwangusha ni mpangilio wa sentensi, na hapa wewe msemaji wa Kiswahili uko kwenye hatari ya pekee, kwa sababu mambo yanayomsumbua yeye hayakusumbui wewe hata kidogo.

Tazama sentensi hii:

"The seeds farmers in the valley had refused for years survived the drought."

Kwetu sisi maelezo huja baada ya nomino: mbegu ambazo wakulima walizikataa. Tena kiambishi kinatushika mkono, "zilihimili" inarudi kwa mbegu moja kwa moja hata kama katikati pana maneno kumi. Kichina hupanga kinyume. Maelezo yote hutangulia, yanafungwa kwa kineno "de", ndipo nomino itajwe. Na kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kufuata mtenda wala wakati. Basi mtoto akifika "The seeds farmers" anayaunganisha kuwa kitu kimoja, wakulima wa mbegu. Anaendelea, wakulima hao walikataa kwa miaka. Halafu anakumbana na "survived" isiyo na mwenyewe. Wengi hapo wanaiziba kwa kubahatisha: wakulima walinusurika ukame. Ataijibu karatasi kwa hadithi hiyo, na atakuapia kwamba kaelewa.

Usimtafsirie. Mfanyishe hesabu. Hatua ya kwanza, apigie mstari vitenzi vyenye wakati ndani yake: hapa ni "had refused" na "survived", viwili. Hatua ya pili, atafute viunganishi na virejeshi. Vitenzi viwili vinahitaji kiungo kimoja, vitatu viwili, na kuendelea. Hapa haoni hata kimoja, maana yake kuna "that" imemezwa. Hatua ya tatu, aitafute mahali ilipomezwa, na mara nyingi ni pale nomino mbili zilipogongana bila sababu: kati ya "seeds" na "farmers". Hatua ya nne, afunge kwa mabano kuanzia "farmers" hadi "years", asome kilichobaki: "The seeds survived the drought." Mabano ayarudie mwishoni. Sentensi tano za namna hii kila kikao, kutoka kwenye vifungu alivyokosa mwenyewe, zinatosha. Usitunge zako kama za mtihani zipo.

Akishazoea, mwondolee kalamu na mfundishe kusoma kwa mafungu bila kurudi nyuma: "The seeds / farmers in the valley had refused / for years / survived the drought." Funika mistari aliyokwisha soma kwa kipande cha karatasi ngumu. Atalalamika, kwa sababu amezoea kufika mwisho wa sentensi na kurudi mwanzo ili aipange upya Kichina. Kurudi huko ndiko kunakokula muda wake.

Viko vitenzi vya kushughulikia peke yake. "Built", "found", "made" na wenzao huonekana kama vitenzi vikuu kumbe ni maelezo: katika "the bridge built in 1950 fell", anayesoma haraka anaona daraja limejenga kitu. Na "should have tested" humfikia kama ushauri, kwamba wapime. Mweleze kwamba hapo hawakupima, na nafasi imeshapita. Sisi tunayo "-ngali-" kwa jambo la zamani ambalo halikutokea. Yeye hana kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo ajiulize kichwani kila aonapo "have" baada ya "should", "could" au "would": lilitokea au halikutokea?

"Although" nayo ina mtego wake. Kwa Kichina suiran hufuatwa na danshi, kama "ingawa" yetu inavyopenda kuitika "lakini". Kiingereza kinaikataa hiyo "but" ya pili. Mtoto anaisubiri, haiji, na hoja kuu inampita. Aweke alama ya mshale baada ya koma.

Kuhusu msamiati, acha orodha ndefu. Yanayoua ni maneno anayoyajua kwa maana moja tu: "weather" kama hali ya hewa, kumbe kampuni "weathered the crisis", ilivumilia msukosuko, "address" kama anwani, kumbe ni kushughulikia tatizo, "novel" kama riwaya, kumbe ni kitu kipya. Neno geni kabisa humsimamisha, hili halimsimamishi. Kila linapotokea, aandike sentensi nzima, si neno na tafsiri yake.

Sasa machaguo. Rudi kwenye mbegu zetu, swali liwe tunajifunza nini kuzihusu. A: "Farmers grew them for years." B: "They were long unwanted." C: "They were ruined by the drought." D: "They were the best in the valley." Jibu ni B. Angalia A ilivyotegwa: "farmers" na "for years" zimechotwa kwenye kifungu kama zilivyo. C imechukua ukame ikageuza matokeo. D inaingia akilini, lakini hakuna aliyeisema. Na B haina neno hata moja la maana lililomo kwenye sentensi. Ndivyo jibu sahihi lilivyo mara nyingi, maana ileile kwa maneno mengine, na mwanafunzi anayewinda maneno yanayofanana huangukia A kila mara.

Atakuja pia na mbinu za mtaani: chaguo lenye "all" au "never" ni kosa, refu ndilo sahihi. Watunga mtihani nao wanazijua. Kanuni iwe moja tu, kwamba kila jibu lioneshewe mstari wake. Akishindwa kuonesha mstari, mwambie hajajibu hata kama amepatia. Maswali ya kichwa cha habari au hoja kuu hayana mstari mmoja, basi hapo aulize chaguo linabeba aya ngapi kati ya zilizopo. Linalobeba aya moja ni jembamba mno, linaloweza kubandikwa kwenye makala nyingine yoyote ni pana mno.

Mwanafunzi wa China karibu lazima atakuwa na cuotiben, daftari la makosa. Lifungue. Mara nyingi utakuta swali limenakiliwa vizuri na jibu sahihi kwa wino mwekundu, basi. Daftari la namna hiyo halimfundishi kitu. Kila kosa liwe na vitu vitatu: alichochagua na kilichomvutia, mstari unaothibitisha jibu, na chanzo kwa maneno machache, kama "kitenzi kikuu", "neno la maana mbili", "nilichota maneno" au "muda". Baada ya wiki tatu mhesabu vyanzo pamoja. Hapo ndipo mnapanga wiki ya nne.

Kiasi cha mazoezi kina ugomvi wake, maana utamaduni wa shuati, kumaliza maswali kwa mamia, una nguvu sana. Mtoto wa bweni ana prepu hadi saa tatu au nne usiku, kwa hiyo nafasi ni finyu. Kifungu kimoja kwa siku, siku tano kwa wiki, dakika 8 za kujibu na 15 za kukichambua, kina faida kuliko vifungu kumi vya Jumapili bila uchambuzi. Tumia karatasi halisi za miaka iliyopita kabla ya zile za kuigiza za vitabu vya mazoezi, kwa sababu machaguo ya kuigiza mara nyingi hayana ukali ule. Ila mbili za karibuni zaidi ziwekeni akiba hadi miezi miwili ya mwisho.

Qi xuan wu inahitaji njia nyingine. Asianze na orodha ya saba. Asome sentensi iliyo kabla ya pengo na iliyo baada yake, atabiri kinachokosekana, kisha atafute. Kwenye orodha azungushie duara "this", "they", "such", "another", "however": kila kimoja kinadai kitu kilichotajwa kabla. "They" kwa kawaida hairejei nomino ya umoja, na hilo peke yake huondoa machaguo mengi. Pengo likiwa mwanzo wa aya, na aya nyingine zinaanza kwa amri fupi, basi nalo linataka amri fupi. Kosa moja hapa huzaa la pili, kwa sababu sentensi iliyowekwa pasipo pake imeibwa kutoka pengo lingine. Anayekwama asilazimishe, aruke ajaze yale mengine kwanza.

Muda siku ya mtihani: kusikiliza, pale kunapofanyika siku hiyohiyo, huchukua takriban dakika 20 za mwanzo. Vifungu A hadi D vipewe 28 hadi 30, A isizidi 5, na maswali ya A yasomwe kabla ya kifungu. Kwa B, C na D, atupie jicho maswali tu bila machaguo yake. Qi xuan wu dakika 7. Zikibaki karibu dakika 63, matumizi ya lugha yachukue 20 na kuandika 40.

Majibu huhamishiwa kwenye karatasi inayosomwa na mashine kwa penseli ya 2B. Aweke weusi kila amalizapo kifungu, asisubiri vyote vitano. Aliyeruka swali la 27 akasahau kuacha nafasi yake huhamisha yote yanayofuata hatua moja.