Aliyeingia kwa viza na aliyevuka mto: kwa nini sheria haiwatazami sawa?

Swali

Wakili, habari za kazi. Naishi Columbus, Ohio. Mdogo wangu wa kiume aliingia Marekani mwaka 2018 kwa viza ya utalii, akapewa miezi 6, akabaki mpaka leo. Rafiki yake, Mkongo, alipitia Brazil, akatembea msitu wa Darién kwa miguu, akavuka mto kuingia Texas mwaka 2019. Wote wawili sasa wameoa raia wa Marekani. Mdogo wangu anaambiwa anaweza kupata grini kadi akiwa hapa hapa, mwenzake anaambiwa lazima atoke nje ya nchi kwanza. Kwani wote si hawana makaratasi? Tena kuna mtu anamshauri mdogo wangu arudi nyumbani aombe viza upya "kwa njia safi". Huku kazini kila siku ni ubishi wa ukuta, kwamba ukikamilika watu wasio na makaratasi watakwisha. Naomba unifafanulie.

Jibu

Dada yangu, nianze na la haraka, maana likikosewa ni vigumu kulirudisha nyuma: mdogo wako asipande ndege. Asiende nyumbani kujipanga upya, asivuke hata kwenda Kanada siku moja, mpaka awe amekaa na wakili aliyeishika pasipoti yake mkononi na kuisoma ukurasa kwa ukurasa.

Sasa sababu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haianzi kwa kuuliza kama leo una makaratasi. Inaanza kwa kuuliza uliingiaje. Kifungu cha 245, kinachomruhusu mtu kupata grini kadi bila kutoka nchini, kinataka awe alikaguliwa na ofisa akaruhusiwa kuingia, au aliingizwa kwa ruhusa maalumu iitwayo paroli. Mdogo wako alisimama dirishani uwanja wa ndege, ofisa akafungua pasipoti, akachukua alama za vidole, akamruhusu apite. Dakika chache zile ndizo zinazombeba leo. Muda wake ulipita, kweli. Huenda na kazi alifanya bila kibali. Kwa mume au mke wa raia, sheria inayaachilia hayo yote mawili. Mkewe angekuwa na grini kadi tu badala ya uraia, msamaha huo asingeupata.

Rafiki yake ana ndoa kama hiyo hiyo, lakini hana zile dakika za dirishani. Kwetu sisi tunaoijua Namanga, ni tofauti ya aliyepanga foleni pale ofisi ya mpaka na aliyezunguka nyuma kwa njia ya panya. Jioni wote wanaweza kuwa wanakunywa chai Arusha, ila mwenye muhuri ni mmoja.

Ushahidi wa mdogo wako unaitwa I-94. Zamani kilikuwa kikadi cheupe kilichobanwa ndani ya pasipoti; tangu 2013 wanaoingia kwa ndege kumbukumbu yao iko kwenye tovuti ya idara ya forodha na mipaka, CBP, na kuichapisha ni bure. Aichapishe leo. Atakuta tarehe aliyoingia, aina ya viza, na siku aliyotakiwa awe ameondoka. Watu wengi wanachanganya hapa: wanatazama tarehe iliyoandikwa kwenye viza. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi tu. I-94 ndiyo inayosema umekaribishwa mpaka lini, na siku za kukaa bila ruhusa kwa mtalii zinaanza kuhesabiwa ikipita tarehe hiyo.

Hesabu hiyo ndiyo mtego. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba mtu mzima aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini bila kufikisha mwaka, kisha akaondoka, hafungui tena mlango kwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Zingatia neno "akaondoka". Akiwa ndani ya nchi, adhabu hiyo imelala. Anayeiamsha ni yeye mwenyewe siku anapotoka. Kwa hiyo huyo anayemshauri arudi nyumbani aombe viza kwa njia safi, kwa nia njema kabisa, anamtuma kwenda kuanza kifungo cha miaka 10.

Nimewahi kukaa na mama mmoja ambaye mumewe alikwenda kumzika mzazi wake. Alikuwa amekaa bila ruhusa miaka 4. Aliondoka na begi la mkononi na tiketi ya kurudi baada ya wiki mbili. Ubalozini akasomewa kifungu kile cha miaka 10. Mtoto wao wakati ule alikuwa hajaanza shule. Sasa yuko darasa la tatu, na baba yake humsaidia hesabu kwa simu, huko aliko ikiwa usiku wa manane. Mama yule ni raia. Mumewe aliingia kwa viza halali. Kesi yao ingemalizika hapa hapa, kama wangekuja ofisini kabla ya kukata tiketi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kuhusu rafiki Mkongo, usimkatishe tamaa, ila kesi yake inataka mikono miwili. Kwanza atafute karatasi aliyopewa siku alipoachiwa mpakani. Kama aliachiwa kwa paroli ile ya kifungu cha 212, anaweza kuwa na haki ile ile ya mdogo wako. Kama aliachiwa kwa dhamana au kwa ahadi ya kufika mahakamani, hiyo ni kitu kingine, na haihesabiwi kuwa kuingizwa. Karatasi hizo mbili zinafanana kwa macho, na nimeona zikichanganywa na watu waliosoma.

Pili, kama aliomba hifadhi, asiitupe kesi hiyo kwa sababu tu ameoa. Akipewa hifadhi, baada ya mwaka mmoja anaweza kuomba grini kadi bila kuulizwa alipitia mlango gani. Najua hadithi za hifadhi zimechafuliwa na wale "wanaojilipua", yaani wanaoomba hifadhi kwa maelezo ya kununua, lakini mtu aliyekimbia vita vya Kivu ana haki ya kusikilizwa kwa maelezo yake mwenyewe.

Yote hayo yakishindikana, linabaki ombi la msamaha wa adhabu ile ya miaka 10, linaloitwa I-601A. Linaombwa ukiwa bado hapa, kisha ndipo unatoka kwenda kwenye mahojiano ubalozini. Lazima aonyeshe kwamba mkewe, au mzazi wake yeye mwombaji aliye raia au mwenye grini kadi, atapata taabu kubwa isiyo ya kawaida. Taabu ya watoto peke yake haitoshi. Na kama aliwahi kufukuzwa nchini kisha akavuka tena kwa siri, msamaha huo haumfikii kabisa. Hapo ni miaka 10 nje kabla hata ya kuruhusiwa kuomba.

Sasa ukuta. Mpaka wa Marekani na Meksiko una urefu wa kilomita 3,100 na ushei. Mdogo wako hajauona hata kwa mbali. Mwaka wa fedha wa 2019 serikali yenyewe ilihesabu wageni 676,422 walioingia kihalali na kupitisha muda wao. Kwa haki ya wageni wote, hiyo ni asilimia 1.21 tu ya waliotarajiwa kuondoka. Mwaka huo huo waliokamatwa wakivuka mpaka wa kusini walikuwa kama 851,000. Mkondo wa viza si mdogo, na hakuna chuma kirefu kiasi gani kinachoweza kuuzuia.

Hata kwa wavukaji wenyewe, wenzako kazini wanapaswa kujua ukuta umesimama wapi. Kule bonde la Rio Grande mpaka ni katikati ya mto, na mkataba wa 1970 baina ya nchi hizi mbili unakataza kujenga kitu kitakachogeuza maji ya mafuriko. Kwa hiyo sehemu nyingi ukuta umejengwa juu ya tuta, mbali na maji. Mtu akitoka mtoni na suruali ikichuruzika, tayari amesimama Marekani, na ukuta bado uko mbele yake. Familia nyingi zilizoomba hifadhi hazikuwa zikiupanda. Zilikuwa zikitembea hadi kwenye nguzo za ukuta, zinakaa chini, zinasubiri gari la doria.

Mimi si mtu wa kusema ukuta haufanyi lolote. San Diego, tangu operesheni ya 1994 ya kubana mpaka, uvukaji wa mjini ulipungua sana. Watu wakasogea jangwani Arizona, na wengi wakafia huko kwa kiu. Kati ya 2017 na 2021 zilijengwa kama kilomita 730, nyingi zikiwa mahali palipokuwa na uzio wa zamani, na mwaka wa fedha wa 2022 waliokamatwa mpaka huo huo walizidi milioni 2. Kisha 2025 idadi ilishuka mno, kabla zile dola bilioni 46.5 za ukuta zilizopitishwa Julai mwaka huo hazijageuka kuwa nguzo. Meksiko ilikuwa imebana njia, na amri ya rais ya Januari ilifunga mlango wa hifadhi mpakani, amri ambayo imebishaniwa mahakamani. Kilichoshusha idadi kilikuwa kanuni.

Mdogo wako akija, abebe pasipoti zote, hata zilizokwisha muda, I-94, cheti cha ndoa na hati ya uraia ya mkewe. Asimpe fomu zake mtu anayejaza kwa dola mia tatu jikoni kwake. Na ajue kwamba kuwa na ombi linalosubiri hakumkingi na kukamatwa, kwa hiyo nakala ya risiti ya ombi na namba ya simu ya wakili vikae na mkewe nyumbani, si kwenye simu yake peke yake.