Tovuti ya zamani ya mchoraji isifutwe kabla kurasa zake hazijaelekezwa

Ndugu, mzuie huyo fundi leo hii, kabla hajagusa chochote kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Umeandika kwamba tovuti ya mjomba wako, mchoraji wa Tingatinga, iko hewani tangu 2013, na kwamba fundi mliyempata amewashauri mfute kila kilichomo, mhamie kwenye jina jipya linaloishia na .art, kisha mumlipe kila mwezi ili aifikishe kwenye nafasi ya kwanza ya Google. Umeuliza ni maneno gani ya utafutaji myaweke, malipo hayo ni ya haki kiasi gani, na kama ukurasa wa Instagram unaweza kutosha badala ya tovuti. Maswali hayo yanaweza kusubiri. La kufuta haliwezi.

Ninasimamia tovuti ya kikundi cha wachoraji hapa Dar es Salaam. Tovuti yetu ya kwanza haikuwa na sura ya kuvutia, lakini kila picha ilikuwa na ukurasa wake na maelezo yake. Ulikuwapo ukurasa wa chui aliyechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi ya sentimita 60 kwa 60. Chini ya picha hiyo mchoraji alieleza jinsi anavyopaka kwanza rangi ya nyuma na kuiacha ikauke kabisa, jinsi anavyomchora mnyama juu yake, na kwa nini madoa huwekwa mwishoni, moja baada ya jingine, kwa ncha ya brashi nyembamba. Aliongeza aya fupi kuhusu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo huu jijini humu mwaka 1968. Mwandishi mmoja wa habari za safari wa Denmark aliweka kiungo cha ukurasa huo katika makala yake, na duka moja la sanaa la Japani likafanya vivyo hivyo. Barua pepe nyingi za wanunuzi tulizopata zilianza kwa kumtaja chui yule.

Akaja mtengenezaji wa tovuti, akawahakikishia viongozi wa kikundi kwamba tovuti ya zamani ndiyo inayowarudisha nyuma na kwamba njia ya pekee ni kuanza upya. Aliifuta yote, akajenga mpya yenye picha kubwa zinazopita zenyewe, na maelezo ya wachoraji akayaingiza ndani ya picha kama mapambo, mahali ambapo huwezi hata kuyanakili. Faili ya chui ikaitwa IMG_0043. Anwani ya ukurasa wake ikatoweka, na kila aliyebofya kiungo cha Denmark au cha Japani akakutana na tangazo kwamba ukurasa haupatikani. Nilipofungua Search Console, chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyoonekana, niliona anwani zetu zote za zamani zimepangwa chini ya kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani, na mstari wa wageni wanaotoka kwenye utafutaji umeshuka hadi chini kabisa. Barua pepe zikakoma.

Sababu yake si siri. Google huutambua ukurasa kwa anwani yake, na viungo vyote ambavyo watu wengine wameuwekea huhesabiwa kwenye anwani hiyo. Ukiifuta bila kuacha maelekezo, heshima yote iliyokusanywa kwa miaka hupotea, na ukurasa mpya huanza kama mgeni asiyejulikana. Ni sawa na duka lililohama Kariakoo usiku bila kubandika tangazo mlangoni.

Kilichonikasirisha hadi leo ni kwamba mtu yule alijua, au kazi yake ilimtaka ajue, kwa kuwa maelezo haya yamo katika mwongozo wa Google ambao yeyote anaweza kuusoma bure. Alipoulizwa kwa nini wanunuzi wametoweka, aliwaambia wazee waliochora maisha yao yote kwamba soko la Tingatinga limekufa. Baadhi yao waliamini kwamba kazi yao haitakiwi tena, na hakuna malipo yanayoweza kufuta kauli ya namna hiyo.

Kwa hiyo kanuni ninayokuomba uishike ni moja: hakuna anwani ya zamani inayoondolewa kabla haijaelekezwa kwenye anwani mpya inayolingana nayo. Ingia Search Console, upakue orodha ya kurasa zote zinazoonekana, kisha utengeneze jedwali la safu mbili, ya zamani na ya mpya. Kila mstari fundi auwekee uelekezaji wa kudumu, yaani agizo linalompeleka anayefungua anwani ya zamani hadi kwenye mpya, linalojulikana kwa namba 301. Ikiwa seva yenu inatumia programu ya Apache, kazi hiyo hufanyika ndani ya faili lake la maagizo liitwalo .htaccess. Ukurasa wa chui uelekezwe kwenye ukurasa wa chui. Wapo mafundi wavivu wanaoelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo, na Google huweza kuuchukulia uelekezaji kama huo kuwa sawa na ukurasa usiokuwapo. Mkilazimika kubadili jina la tovuti, la zamani mwendelee kulilipia, kwa sababu Google yenyewe inashauri uelekezaji udumu angalau mwaka mmoja, na mimi ningelilipia maadamu mjomba anauza picha. Ila sioni sababu yoyote ya kuacha jina ambalo watu wamelizoea tangu 2013. Sura ya tovuti inaweza kubadilishwa bila kugusa jina wala anwani.

Kuhusu maneno ya utafutaji, ile orodha ya maneno hamsini ambayo fundi wenu anataka kuificha kwenye msimbo wa ukurasa, mahali ambapo msomaji haioni, haina faida, kwani Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Maneno yenye kazi ni yale ambayo mjomba mwenyewe angeyatumia kumweleza mnunuzi picha yake, yakiandikwa kama maandishi ya kawaida, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pamoja na maelezo mafupi yanayoambatanishwa na kila faili ya picha. Na anayeahidi nafasi ya kwanza anauza asichokuwa nacho, maana Google imeandika wazi kwamba hakuna awezaye kuihakikisha.

Leo mwombe fundi nywila za seva na za akaunti ambako jina la tovuti limesajiliwa, na uhakikishe kwamba usajili huo uko kwa jina la mjomba wako. Uhifadhi nakala ya tovuti nzima kwenye kompyuta yako. Kisha bandika hapa orodha ya anwani, nami nitakaa nawe kulipanga jedwali hilo mstari kwa mstari.