Vidole vikifa ganzi kwa baridi, anza kupasha kifua moto

Kama vidole vyako hugeuka vyeupe pe ukitoa kitu kwenye friza, vikaingia bluu, kisha vikarudi vyekundu huku vinachoma na kudunda, basi tuko kundi moja. Nimeishi na hali hii miaka mingi. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza mwaka 1862, na hadi leo inaitwa kwa jina lake, hali ya Raynaud. Ushauri wangu wa kwanza hauhusu vidole kabisa: vaa vizuri kifuani na tumboni.

Ukuta wa ateri ndogo, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, una misuli laini inayouzunguka, na nje ya misuli hiyo umetanda wavu wa nyuzi za neva zisizoonekana kwa macho. Kinachofika pale ni ncha za nyuzi tu. Seli zenyewe zinazotoa nyuzi hizo ziko mbali, kwenye vifundo vya neva vilivyojipanga kando ya uti wa mgongo, na zinapokea amri kutoka ubongoni. Amri ikija, ncha hizo hutoa kemikali iitwayo noradrenalini, misuli ikajikaza, njia ya damu ikabana. Wala haihitaji kubana sana: upana wa ateri ukipungua kwa nusu, damu inayopita kwa msukumo uleule hushuka hadi kama sehemu 1 kati ya 16. Ndiyo maana kidole changu cha pete hukatika rangi ghafla, na mpaka unaonekana wazi kabisa kwenye kiungo cha pili: chini yake kidole cha kawaida, juu yake kama si changu. Hapo kufunga kifungo cha shati ni kazi ya kuomba msaada.

Neva hizi hazilali. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard alikata neva ya aina hii shingoni mwa sungura, na sikio la upande ule likapata joto, kwa sababu mishipa ililegea. Maana yake kila saa kuna amri ya kubana kiasi. Sisi wenye hali hii tunaipokea kwa pupa.

Sasa, ubongo ukiona kiwiliwili kinapoa, hubana mikono na miguu ili joto libaki ndani. Kwa hiyo glavu nene juu ya shati jepesi hazinifai kitu. Fulana ya ndani, sweta na skafu shingoni vinanisaidia zaidi, halafu ndiyo glavu, nazo nazivaa kabla sijatoka nje, mikono ikiwa bado na joto. Glavu hutunza joto lililopo, hazitengenezi jipya.

Hofu nayo hupita njia hiyohiyo. Nimewahi kupatwa ndani ya chumba chenye joto, nikisubiri kuitwa kwenye usaili, na aliyenipa mkono alishtuka. Kuvuta pumzi taratibu kunanisaidia, ingawa si kila mara.

Vikishakufa ganzi, usikimbilie maji ya moto. Ngozi haisikii, utaungua bila kujua. Tumia maji ya vuguvugu, au weka mikono kwapani, au zungusha mkono mzima kwa nguvu begani. Ukishapata joto, subiri. Kwa kawaida damu hurudi baada ya dakika 15 hadi 20.

Sigara acha, hapo sina maneno mengi: nikotini inabana mishipa hiyohiyo. Dawa za kuzibua pua na baadhi ya dawa za presha na moyo, hasa za kundi la beta bloka, zinaweza kuzidisha hali. Usiache dawa uliyoandikiwa, muulize aliyekuandikia. Mashine zinazotetemesha mikono nazo zina lawama yake.

Wengi wetu hatuna ugonjwa mwingine nyuma ya hili. Lakini kama limekuanza ukiwa mtu mzima wa miaka 30 na kuendelea, au linashika mkono mmoja tu, au ncha za vidole zina vidonda, ngozi inakakamaa, viungo vinauma, nenda hospitali usingoje. Huenda ni skleroderma au lupasi, magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Daktari anaweza kukagua kwa lenzi mishipa midogo iliyo kwenye ukingo wa kucha na kuagiza vipimo vya damu. Hali ikiwa kali kuna dawa ya nifedipini, inayolegeza misuli ya ateri; mimi ilinivimbisha vifundo vya miguu kidogo, na hilo ni jambo linalojulikana, kwa hiyo litaje ukienda kuonana na daktari.

Halafu piga picha wakati vidole vimebadilika, maana ukifika mbele ya daktari mkono utakuwa mzima kama wa mtu mwingine yeyote. Kama ngozi yako ni nyeusi, piga upande wa kiganja na kwenye kucha. Huko rangi haijifichi.