Dawa imeponya maharage, viazi vimeungua

SWALI: Shikamoo mama. Maharage yangu yalipata kutu, nikapiga tebukonazoli, ikakoma. Iliyobaki nikapiga kwenye viazi mvua zilipozidi, na baka jani chelewa limeunguza karibu shamba lote. Niliuziwa dawa feki?
Mkulima, Isyonje, Mbeya

JIBU: Marahaba, na pole sana mwanangu. Dawa si feki, maharage yameshaitolea ushahidi. Ila umeipeleka kwa mgonjwa asiye wake.

Tebukonazoli ni ya kundi la triazoli. Kuvu halisi, kama wa kutu ya maharage au kutu ya kahawa huko Mbozi, hujitengenezea steroli, kama ergosteroli, aina ya mafuta inayoimarisha utando wa seli zake. Triazoli hufunga kimeng'enya kimoja kinachohusika na kazi hiyo. Utando unalegea, unavuja, kuvu anaacha kukua. Vimbegu vyake huweza kuchipua hata hivyo, maana vina akiba, kwa hiyo dawa hii ipigwe mapema. Jani likishakauka halifufuki. Tena ndani ya mmea hupanda tu na maji, haishuki. Ukipiga juu juu, majani ya chini hayapati kitu.

Sasa geuza jani la kiazi alfajiri, umande ukiwepo. Pembeni ya doa, upande wa chini, utaona ukoga mweupe. Huyo ni Fitoftora, kiumbe anayeleta baka jani chelewa. Sura ni ya kuvu, ila ukoo wake uko karibu zaidi na mwani, na steroli hizo hatengenezi. Triazoli itamzuia nini? Hata ungezidisha dozi, ungeunguza hela.

Wenye maduka ya pembejeo nao wananichosha: kila kopo ni "dawa ya ukungu"! Soma lebo. Jina likiishia na "-conazole", hiyo ni ya kutu, ubwiri unga, hata baka jani tangulia. Kwa chelewa, anza na mankozebu kabla ugonjwa haujaingia. Ukishaonekana, tafuta yenye simoksanili au metalaksili. Kundi moja usilirudie msimu mzima, huzaa usugu, na triazoli ni hivyo hivyo.

Viazi vilivyo ardhini usivikatie tamaa. Kata mashina, yatoe shambani, subiri kama wiki 2 ganda likomae ndipo uchimbe, siku kavu. Mbegu ya msimu ujao usichukue humo.