Kichwa Kilichouma Siku ya Tano

Juzi usiku dada mmoja wa Malaba aliniandikia WhatsApp. Ana mtoto wa siku sita. Kichwa kinamgonga tangu jana yake, akitazama taa anaona nyotanyota, na majirani wamemwambia ni usingizi wa mzazi, ameze Panadol alale. Nikampigia hapohapo. Hakupokea.

Kichwa hicho nakijua. Kilinikuta hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na mtoto wangu wa pili. Mimba yenyewe haina hadithi: kliniki nilikwenda, Fansidar ya kuzuia malaria nilimeza mbele ya musawo, yaani mhudumu wa afya, vidonge vya damu nilivimaliza, Mama Kit, kile kifurushi cha kujifungulia, nilinunua mapema, glavu, pamba, wembe na plastiki yake. Leba haikunisumbua. Kesho yake nikaruhusiwa, nikajiona mwanamke wa kuigwa, na sokoni walinisikia.

Siku ya tano kichwa kikaanza, mbele, juu ya macho. Mama mkwe, ambaye nampenda, akasema hewa imeniingia kwa sababu nilikaa kichwa wazi. Nikafungwa leso mbili. Jioni uso ulikuwa umevimba na pete haitoki kidoleni. Akasema ni uji, nimeanza kunawiri. Nilipomtazama mtoto nikaona watoto wawili ndipo nikamwambia baba yao aite boda.

Kituo cha kwanza musawo hakuinua macho kwenye simu yake. "Si umeshazaa? Unatafuta nini tena huku?" Miaka minne imepita na sauti ile bado naisikia. Presha hakunipima. Aliyekataa kunirudisha nyumbani ni kijana wa boda, mtoto wa watu, akatupeleka kwenye kituo kikubwa zaidi, cha ngazi ya nne. Huko sista mmoja wa makamo alinifunga kipimo mkononi hata jina hajaniuliza. 170 kwa 110.

Akaniambia ni presha ya mimba, ile inayoleta kifafa. Nikamjibu mimba sina, nimeshazaa. Akasema inaweza kumpata mama hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Nikachomwa magnesium sulphate, dawa ya kuzuia hicho kifafa, kwanza mshipani, polepole, mwili ukawaka kama nimeinamia sufuria ya mandazi. Kisha matakoni, kulia na kushoto. Pale nililia kuliko nilivyolia leba, na siku kadhaa kukaa kitako ilikuwa shida.

Sasa nisikilizeni, maana najua wengi wenu mna mimba au mnaitafuta. Pimeni presha baada ya kuzaa. Ikifika 140 kwa 90 hiyo si "hali ya mzazi", ni kitu cha kuonwa na daktari. Kichwa kisichosikia Panadol, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla: usingoje kuche. Shirika la Afya Duniani linataka mama aangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena siku ya pili au ya tatu, tena wiki ya pili, tena wiki ya sita. Nani kati yetu anakwenda? Tunakwenda wiki ya sita tu, na ni kwa ajili ya chanjo. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa, anaandikiwa kadi, mama amekaa kwenye benchi kama kikapu kilichombeba. Mwambie musawo akupime na wewe. Akinuna, mwambie tena.

Na iwapo iliwahi kukupata, mimba ijayo itaje siku ya kwanza ya kliniki, na uende mapema. Kuna aspirini ya kipimo kidogo ambayo madaktari huanzisha kabla ya wiki ya 20. Ya kuandikiwa lakini, usijinunulie dukani kama peremende. Na ninyi akina baba mnaosoma kwa kuchungulia, nauli ya boda iwekwe kando hadi arobaini ipite, isiishie kwenye kreti ya soda za wageni. Wa kwangu alikopa usiku ule, na hilo sijalisahau.

Dada wa Malaba simu yake ilipokewa asubuhi, na shemeji yake. Wako kituoni. Presha ni 160 kwa 100, na shemeji ametumwa dawa duka la nje kwa sababu ya ndani imekwisha.