Kinaya cha ufunguzi wa "Harrison Bergeron"

Ukiulizwa ni tamathali gani inayofungua hadithi hii fupi, ni kinaya (maneno yanayomaanisha kinyume cha yanavyosema), si sitiari. Mwandishi Kurt Vonnegut (1961) anatangaza kwamba mwaka 2081 watu hatimaye wako sawa, lakini usawa wenyewe ni wa kuwashusha wenye vipaji: George, baba yake Harrison, amefungiwa shingoni mfuko wa risasi wa ratili 47, kama kilo 21, na redio ya sikioni inamvuruga kila akianza kufikiri.

Tashbihi (ulinganisho wa "kama") itafute kwa Harrison: mikanda ya mizigo aliyofungwa na serikali, iliyodhaminiwa kubeba ratili 5,000, anaichana kama karatasi laini iliyolowa. Hapo kuna chuku (kutia chumvi) pia, na wengi huisahau. Ila ukiishia kutaja "kama" utapata alama nusu. Eleza kwamba tashbihi hiyo inaidhihaki serikali iliyoiamini mikanda hiyo.